Jino la Mpiga Tarumbeta

Daktari wa meno hakuwa adui wa muziki; alikuwa tu hajaona sababu yake. Alikwisha soma vitabu vitatu juu ya jambo hilo, viwili kati yake vikiwa vinene, na baada ya ukurasa wa mwisho akabaki na swali lile lile aliloanza nalo: kwa nini watu wazima waketi kimya saa mbili nzima huku watu wazima wengine wakipuliza hewa ndani ya mabomba ya shaba? Jibu halikupatikana, naye hakuwa mtu wa kukosa usingizi kwa ajili ya jibu. Alikuwa na vinywa vya kushughulikia. Kinywa kilikuwa kitu anachokielewa. Kina meno thelathini na mawili, au pungufu ya hapo, na kila jino lina mahali pake na umbo lake.

Ndiyo maana jino la shemeji yake lilimkera kwa miaka kumi na miwili.

Shemeji, yaani mume wa mdogo wake wa pekee, alikuwa fundi wa lifti. Siku za kazi alipanda na kushuka ndani ya mashimo ya majengo marefu, grisi hadi viwikoni. Jumamosi alivaa shati jeupe akapiga tarumbeta katika okestra ya mji, kundi la walimu, makarani, mfamasia mmoja, na jaji mstaafu aliyepiga fidla kubwa kuliko yeye mwenyewe na ambaye, kwa maelezo ya wenzake, aliweza kuiegemea akasinzia bila kukosa hata nota moja. Shemeji alikuwa mtu mpole na mchangamfu, mwenye mashavu kama ya mtu anayeficha ndimu mbili. Lakini jino lake la mbele, la juu, upande wa kushoto, lilikuwa limemeguka pembeni tangu alipokuwa darasa la tano, siku aliyojaribu kushuka ngazi za shule akiwa amekalia sinia. Kipande kilichokosekana kilikuwa cha milimita moja na nusu. Daktari alijua hivyo kwa sababu alikwisha kulipima. Kila walipoketi mezani Jumapili, shemeji akacheka, lile jino lilimtazama daktari kama picha iliyotundikwa upande katika nyumba ya mtu mwingine, ambayo adabu inakukataza kuinyoosha.

Adabu ilimzuia miaka kumi na miwili. Mwaka wa kumi na tatu ilichoka.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, na shemeji alikuja kusafishwa meno tu. Alijilaza kwenye kiti cha wagonjwa kama mtu aliyefika ufukweni. Daktari alimwuliza, kwa hadhari, kama kuna mtu amepandishwa cheo.

"Koncheto, shemeji!" alijibu. "Miaka ishirini namwomba yule mzee, na safari hii kakubali. Jumamosi, si ya kesho, ile ya wiki ya baadaye kabisa. Siku kumi na tano."

Yule mzee alikuwa kiongozi wa okestra, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye wanamuziki wake walimwita Nukta, kwa kuwa hakuna hata moja aliyowahi kuiachia ipite.

"Koncheto ndiyo nini?" aliuliza daktari, akivaa glavu.

"Mtu mmoja anasimama mbele na tarumbeta lake, okestra nzima iko nyuma. Wao wanasema neno, yeye anajibu. Wanasema tena, yeye anawapita kwa juu. Hii ni ya enzi ya Baroko, karibu miaka mia tatu. Wakati huo tarumbeta halina vibonyezo, shemeji. Bomba tupu! Kila sauti unaitafuta kwa midomo."

"Na kwa nini lazima iwe juu?"

"Sasa hapo umeuliza la maana." Shemeji aliinuka nusu. "Lile bomba, huku chini lina sauti chache, na zimeachana. Kama lifti mbovu: unatoka ghorofa ya kwanza, unajikuta ya nane, katikati hakuna mlango. Ila ukipanda juu kabisa, sauti zinakaribiana, unaweza kutembea kutoka moja hadi nyingine. Wimbo wote uko huko. Basi wale wazee wakahamia huko huko, wakaishi juu ya paa."

"Na mtu akiikosa sauti?"

"Hadondoki kidogo, shemeji. Anadondoka mzima mzima."

"Fungua mdomo," alisema daktari.

Alipomaliza kusafisha, jino lile likiwa chini ya taa mbele ya macho yake, alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba kwa vile mgonjwa atasimama mbele ya watu, ingekuwa vyema kulijaza pembeni. Dakika arobaini tu. Zawadi yake kwa ajili ya hiyo koncheto. Shemeji alifikiri kidogo, akasema, "Wewe ndiye daktari," akafungua mdomo tena. Alikubali kwa hiari na akiwa na akili timamu. Ni muhimu kulisema hilo, kwa sababu baadaye kila mmoja wao alijitahidi kulisahau.

Msaidizi wa kliniki, mama mmoja mnene mwenye mkono mwepesi ambaye wagonjwa walimwita Mama Ganzi kwa sababu sindano zake hazikuuma, aliandaa vifaa. Daktari alisaga ukingo uliomeguka mpaka ukawa laini, akapaka dawa nyeupe, akaikausha kwa taa ya buluu, akaichonga, akaing'arisha. Mwishoni hakuna aliyeweza kusema jino liliishia wapi na dawa ilianzia wapi. Daktari alirudi nyuma hatua moja akaitazama kazi yake. Hakutabasamu, kwa kuwa hakuwa na desturi hiyo, lakini alikaa hapo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu, saa mbili kasoro robo, Mama Ganzi alimkuta shemeji kwenye ngazi za kliniki, amekumbatia kisanduku cha tarumbeta.

"Imepotea," shemeji alimwambia daktari alipofika.

"Nini?"

"Sauti ya juu. Yote. Kuanzia katikati kupanda, hakuna kitu."

"Ni wasiwasi, shemeji. Vitabu vinasema—"

Shemeji hakubishana na vitabu. Alitoa tarumbeta, dogo kuliko daktari alivyotarajia, akaweka midomo kwenye kikombe chake cha kupulizia, akavuta pumzi. Nota za kwanza zilitoka vizuri. Kisha akapanda, na kilichofuata kilikuwa mlio wa birika lililokata tamaa. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu mlinzi wa jengo alikuja juu kuuliza kama kuna mtu kaumia.

"Juzi kwenye mazoezi Nukta kanisimamisha mara nne," alisema shemeji. "Mara ya tano hakunisimamisha, kaniangalia tu. Kanipa mpaka Alhamisi ya wiki ijayo. Nisipofika, koncheto inaondolewa, anaweka kipande cha fidla, na mfamasia keshaanza kukijifunza." Alilitazama tarumbeta kana kwamba ndilo lililopata msiba. "Nimekaa na ulimi kinywani siku mbili, shemeji, natafuta nini kimebadilika. Ni hapa. Miaka yote ile, hewa ilikuwa inapita hapa. Sikujua. Midomo ilijua, mimi sikujua."

Ulimi wake uligusa jino. Lilikuwa jino zuri kupita yote katika mji ule.

Daktari alikwenda kwenye kabati. Rafu ya chini ilikuwa na vinywa vya ukoo mzima vilivyotengenezwa kwa plasta, kila kimoja ndani ya boksi lake: mama mzazi, wajomba wawili, binamu aliyehama, mdogo wake mwenye jino la chini lililopinda ambalo pia lilikuwa kwenye orodha yake ya meno ya kunyooshwa. Alikuwa amechukua nakala ya meno ya shemeji miaka mitatu nyuma, alipomtengenezea kinga ya kuzuia kusaga meno usingizini. Aliufungua mdomo ule wa plasta, na pale pembeni kasoro ilikuwapo, salama, imehifadhiwa kwa uaminifu.

"Nitaiondoa dawa," alisema. "Dakika kumi. Utarudi kama ulivyokuwa."

Aliiondoa. Shemeji akapuliza. Birika liliongezeka matumaini kidogo, likafika ghorofa moja juu zaidi, likapasuka.

Daktari alivaa miwani yake ya kukuzia, ile yenye mirija miwili midogo mbele ya macho, akalinganisha jino na plasta kwa muda mrefu. Kisha akaivua, akaifuta, ijapokuwa haikuwa na vumbi.

"Kabla ya kujaza niliulainisha ukingo," alisema. "Ndivyo inavyofanywa. Nimekula robo ya milimita. Na ule ukali wake."

"Sasa?"

"Sasa nimerekebisha kitu ambacho hakikuwa kimeharibika." Alisema hivyo kama mtu anayesoma hukumu, na ilikuwa hukumu yake mwenyewe. Katika miaka ishirini na miwili hakuna kazi yake iliyowahi kurudishwa. "Kila asubuhi saa moja uwe hapa. Na hilo tarumbeta."

Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi ambayo haimo katika kitabu chochote cha utabibu wa meno, na daktari alikuwa navyo vingi. Kila asubuhi, kabla ya wagonjwa, daktari aliongeza chembe ya dawa kwenye ukingo, akaichonga kwa kufuata plasta, akatoa vidole mdomoni, na kusema, "Puliza." Shemeji alipuliza akiwa amelala, kitambaa cha karatasi kifuani, tarumbeta likielekea dari. Mama Ganzi aliandika kwenye daftari: ukubwa wa chembe upande mmoja, matokeo upande wa pili. Mwanzoni matokeo yalikuwa "mbaya" na "mbaya sana". Kufikia Alhamisi yalikuwa "imechuja", "ina upepo", na "imefika ila haijakaa". Mama Ganzi hakuwahi kusoma kitabu hata kimoja juu ya muziki, lakini alibainika kuwa na sikio ambalo halikubali kuhongwa.

"Hiyo ilikuwa nzuri," alisema daktari asubuhi moja.

"Hiyo ilikuwa karibu," alijibu Mama Ganzi. "Nzuri iko jirani yake, kwa juu."

Siku ya pili ya wiki iliyofuata, kazi ilivuka saa mbili na wagonjwa wakaanza kujaa kwenye mabenchi. Mzee mmoja mwenye shavu lililovimba alisikiliza, akamgeukia jirani yake.

"Humo ndani wanang'oa jino au wanalipigia honi litoke lenyewe?"

"Mie nasikia ndiyo mashine mpya," alisema jirani.

"Basi mie narudi nyumbani."

Hakurudi, kwa sababu wakati huo huo shemeji alianza kupasha midomo kwa kipande cha sehemu ya kwanza ya koncheto, taratibu, katika sauti za kati alizokuwa nazo, na mzee aliona si vizuri kuondoka katikati.

Shida haikuwa tena umbo. Umbo lilikuwa limelingana na plasta kwa kadiri macho yanavyoweza kuona. Jumatano, ikiwa imebaki siku moja kabla ya Nukta, daktari alikaa na mashine yake ndogo ya kusagia mkononi bila kuiwasha. Kisha akafanya jambo ambalo miaka yote aliwakataza wanafunzi waliokuja kwake kujifunza kazi: alifumba macho.

"Piga ile inayoshindikana," alisema. "Usiache."

Shemeji alipuliza. Sauti ilipanda, ikatetemeka, ikavunjika. "Tena." Ilivunjika pale pale. Daktari alisikia, mara ya nne au ya tano, kwamba kabla ya kuvunjika ilikuwa na mkwaruzo, mdogo sana, kama mlango unaogusa sakafu. Alijua milango. Mlango unaogusa sakafu hausagwi wote. Unasagwa pembe moja. Alifumbua macho, akagusa jino mara moja, kwa muda wa kupepesa, kwa upande wa ndani ambao plasta haikuwa imeunasa vizuri.

"Puliza."

Haikufanana na kitu kilichokuja kabla yake. Sauti haikupanda kwenda kule juu. Ilikuwa tayari iko kule, imesimama, nyembamba na ya dhahabu na haina hofu yoyote. Vifaa vyote vya chuma kwenye sinia vililia kwa pamoja. Glasi ya maji ya kusukutua ilijibu. Nyuma ya mlango, kwenye mabenchi, mazungumzo yalikatika kama yaliyokatwa kwa mkasi. Shemeji alilishusha tarumbeta taratibu, macho yamemtoka.

Mama Ganzi aliandika neno moja kwenye daftari, akalifunga.

"Rudia," alisema daktari.

Shemeji akarudia.

"Rudia tena."

"Shemeji, nitachelewa kazini, kuna watu wamekwama—"

"Jambo likitokea mara mbili linaweza kuwa bahati," alisema daktari. "Sayansi hutaka mara tatu."

Alirudia mara ya tatu. Kuomba mara ya nne daktari hakuwa na sababu ya kisayansi, kwa hiyo akageuka kunawa mikono.

Alhamisi Nukta alisikiliza sehemu ya kwanza hadi mwisho bila kusimamisha. Kisha, kwa ushahidi wa jaji mstaafu aliyeamshwa na ukimya, akasema, "Tuendelee," na mfamasia akafunga kitabu chake cha nota.

Jumamosi saa kumi jioni, ukumbi wa chuo cha ufundi ulijaa. Daktari alihudhuria kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitatu. Alieleza, ingawa hakuna aliyemwuliza, kwamba ni ufuatiliaji wa mgonjwa baada ya matibabu. Aliketi safu ya tatu kati ya mdogo wake na Mama Ganzi, mapajani ana mkoba wenye dawa nyeupe, taa ya buluu ya betri, kioo cha mkono mrefu na koleo. Ujazo mdogo kiasi kile ungeweza kubanduka wakati wowote; hakuna mtu aliyewahi kuupima kwa tarumbeta. Mlangoni alipewa karatasi ya maelezo ya onyesho. Aliona kuwa kiti chake kinayumba, mguu mmoja mfupi, akaikunja karatasi mara nne akauinua mguu huo nayo. Kiti kilitulia. Ilikuwa kazi safi.

Fidla zilianza. Shemeji alisimama mbele amevaa koti jeusi, mikono imetakata hadi kwenye kucha, na hakufanya kitu. Daktari alivaa miwani yake ya kukuzia.

"Dada," alinong'ona mdogo wake. "Vua hivyo vitu. Watu wanaangalia."

"Waangalie mbele. Wamekuja kwa hilo."

Kisha tarumbeta liliingia. Fidla zilikuwa zimesema sentensi moja ndefu, ya heshima, kama wazee wa kikao; tarumbeta liliichukua ile ile, likaigeuza, likairudisha kutoka juu ikiwa inang'aa. Wakasema tena. Likawajibu kwa nota kumi na sita ndani ya pumzi ambayo mtu mwingine angeitumia kupigia chafya, kila moja imesimama peke yake, hakuna iliyomkanyaga jirani. Walipojaribu kulinyamazisha kwa kujiunga wote, lilishika nota moja nyembamba kama uzi wa kushonea, likainenepesha polepole mpaka ikaujaza ukumbi, halafu likaipunguza tena mpaka uzi. Daktari, mtu wa vipimo, alianza kuhesabu sekunde. Alifika kumi na tisa akasahau kuendelea.

Jino lilishika. Sehemu ya kwanza ikaisha kwa nguvu.

Ndipo mambo yalipoharibika. Fidla zilianza jambo jipya, la taratibu, la huzuni kidogo, na shemeji hakuinua tarumbeta. Alirudi nyuma, akaketi kwenye kiti kilichowekwa pembeni, karibu na pazia. Alitoa leso akajifuta mdomo. Kupitia miwani yake daktari aliona kila kitu kwa ukubwa mara tatu: shemeji aliitazama leso. Akapitisha ulimi juu ya meno. Akaligeuza tarumbeta, na kitu kikadondoka kutoka ndani yake hadi sakafuni.

"Limebanduka," alisema daktari.

"Nini?" aliuliza mdogo wake.

"Jino. Limeingia kwenye bomba. Hapigi tena, humwoni? Wanamfichia aibu kwa fidla."

"Dada, kaa chini. Dada! Unakwenda wapi?"

"Kazini."

Alipita mbele ya magoti ya watu wanane, akafuata ukuta, akafungua mlango wa pembeni, akapanda ngazi tano, akatokea nyuma ya pazia. Kutoka pale hadi kwenye kiti cha shemeji zilikuwa hatua mbili, zote mbele ya macho ya watu mia tatu. Daktari alikuwa na mgonjwa. Alizipiga.

"Fungua mdomo," alinong'ona.

Shemeji alikuwa amefungua mdomo kwa amri hiyo asubuhi nyingi mno kuweza kuikaidi. Aliufungua. Daktari aliinama, akaingiza kioo, akakagua juu, pembeni, na upande wa ndani. Okestra iliendelea, ijapokuwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake Nukta alikosa nukta. Wakazi wengi wa mji ule waliamini jioni hiyo, na baadhi wanaamini hadi leo, kwamba ndivyo koncheto za zamani zinavyopigwa.

Jino lilikuwa zima. Lilikuwa zima kabisa katika kumeguka kwake.

"Mbona hupigi?" alinong'ona.

"Nimeandikiwa kunyamaza, shemeji."

"Nani kakuandikia?"

"Mtunzi. Sehemu ya kati tarumbeta huwa linapumzika. Yale mabomba ya zamani hayakuweza nyimbo za huzuni, halafu midomo nayo inataka kupoa kabla ya kwenda tena juu. Imo kwenye karatasi. Hukusoma?"

Daktari alikumbuka ilipo karatasi.

"Na kilichodondoka?"

"Mate."

Fidla zilifikia mwisho wao wa taratibu. Daktari aligeuka kulitafuta pazia, lakini Nukta, ambaye alitaka sana jambo hili lipite, hakungoja. Aliinua mikono, shemeji akaruka kwenda mahali pake, na sehemu ya tatu ikaanza kwa mbio. Kuondoka sasa hivi, mbele ya watu, ingekuwa aibu ya pili. Daktari alifanya hesabu, akaketi kwenye kiti kilichoachwa wazi, miguu pamoja, kioo mkononi.

Kwa hiyo aliisikia kutoka hatua mbili. Waliokaa ukumbini walisikia furaha tupu, tarumbeta likicheza na fidla mchezo wa kufukuzana, likijificha na kuibuka mahali lisipotarajiwa. Yeye alisikia na yaliyo chini yake: pumzi inayonyakuliwa kama mtu anayedaka kikombe kinachoanguka, vidole, kisigino cha kiatu kinachoinuka, shingo imejaa, masikio mekundu. Kila nota ile nyepesi ilibebwa na mtu mzito anayefanya kazi ngumu. Alingoja kuijua gharama kumpunguzie uzuri, kama ilivyokuwa kwa mambo mengi maishani mwake. Haikumpunguzia. Aliona jambo hilo halina maelezo, na kwamba halimo katika vitabu vyote vitatu.

Karibu na mwisho okestra nzima ilinyamaza, na shemeji akabaki peke yake. Alianza chini, akapanda ghorofa kwa ghorofa, akazunguka, akatetemesha nota mbili kwa kasi mpaka zikawa kitu kimoja kinachometameta, kisha akapiga ile ya Jumatano. Kwenye mkono wa daktari kioo kilitetemeka kwa mlio mwembamba. Alitambua kwamba miwani ya kukuzia ilikuwa mapajani mwake na kwamba hakukumbuka kuivua. Kwa dakika kadhaa hakuwa ameliangalia jino.

Watu walipiga makofi kwa miguu pia. Shemeji aliinama mara nne, kisha, kwa kuwa alikuwa mpole na alikuwa na furaha, akageuka akanyoosha mkono kuelekea kwenye kiti. Daktari aliinuka. Aliinamisha kichwa mara moja, kama alivyozoea mgonjwa anapolipa, akapita nyuma ya pazia. Safu ya tatu mdogo wake alikuwa akicheka machozi yakimtoka, meno yote nje, likiwemo lile la chini lililopinda. Mama Ganzi alikuwa ameinama. Alikuwa akichomoa karatasi chini ya mguu wa kiti ili akaisome nyumbani.

Jumatatu daktari alichukua boksi la plasta la shemeji, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: LISIGUSWE. Alilitazama la mdogo wake kwa muda. Halafu akaliandika na hilo.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa yule mzee wa shavu, ambaye uvimbe wake ulikwisha kupona na sasa alitaka jino la mbele linyooshwe, kwa vile mwanawe anaoa. Alilala, akafungua mdomo. Daktari aliwasha taa, akachungulia, akaunyoosha mkono kupokea kifaa, kisha akausimamisha hewani.

"Kabla sijaanza," alisema, "mdomo huu unaufanyia kazi gani?"

Mzee alimtazama Mama Ganzi kutafuta msaada. Mama Ganzi alikuwa tayari na daftari.

"Nakula nao tu, daktari."

"Hupulizi kitu?"

Mzee alifikiri kwa uaminifu.

"Chai," alisema. "Ikiwa ya moto."

Daktari aliliandika hilo kwenye kadi, akavaa glavu.